Meta 60 za Mto Mara



Mwezi Mei 1964, kufuatia mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961, Ziwa Viktoria lilifikia meta 13.41 katika kipimo cha Jinja. Rekodi hiyo ilidumu miaka 56. Mwezi Mei 2020 ilivunjwa, baada ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi kupata joto lisilo la kawaida mwaka 2019 na kutuletea mvua nyingi.

Mto Mara, unaopita kati ya Tarime na Serengeti, humwaga maji katika ziwa hilo. Ziwa likijaa, mto hukosa pa kwenda, nao huyaingia mashamba ya bondeni.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Lakini mkulima haachi udongo wenye rutuba kwa kusomewa kifungu tu. Ofisa anayemwondoa hana budi kumwonyesha pa kulima. Nazo shule zipime mvua na kuandika kila siku, ili kijiji kiamue kwa hesabu zake chenyewe, wala si kwa kubahatisha.

Mafuriko hayapigi hodi.