Mbwa Asiyetakiwa Apelekwe Wapi?

Matangazo ya wiki hii ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, umekwisha kuyasikia kwenye vipaza sauti: mbwa wafungiwe, mbwa wachanjwe, na atakayekutwa anazurura atauawa. Hatuyarudii. Chanjo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Linalotutia wasiwasi ni lile ambalo tangazo halikulisema, kama ambavyo matangazo ya namna hii hayajazoea kulisema. Mtu ambaye hawezi tena kumtunza mbwa wake ampeleke wapi? Mtumishi aliyehamishwa, mpangaji aliyekataliwa mbwa na mwenye nyumba, mjane aliyeachiwa mbwa wa ulinzi wa marehemu, familia ambayo mbwa wao jike amezaa vitoto sita na chakula cha nyumbani hakitoshi, hao wote wawapeleke wapi mbwa wao? Halikutajwa banda, hakikutajwa kituo, haikutajwa hata ofisi ya kuuliza. Limetajwa tishio la kuua peke yake.

Tunasema hivi kwa sababu mbwa tunaowaita wazururaji hawaoti dampo kama majani. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa nchini kwetu kwa miaka mingi wamekuta kwamba wengi wa mbwa wanaotembea mitaani wana wenyewe, ila wenyewe hawawafungi, hawawalishi vya kutosha na hawawazuii kuzaana. Sasa itazame Tunduma yetu, mji wa mpakani na Zambia. Sensa ya 2012 iliukuta mji huu ukiwa haujafikisha watu laki moja. Ya 2022 ikaukuta umepita laki mbili. Watu wanakuja na biashara, wanaondoka na biashara. Yadi ya malori inafunguliwa na mbwa wawili wa ulinzi wanaletwa. Yadi ikifungwa, mageti yanabebwa na mbwa wanaachwa. Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Aliyeachwa mtaa wa Sogea mwaka huu ana kizazi mtaa wa Majengo mwakani, wote wakila mabaki ya machinjio na migahawa, wote bila chanjo. Hao wapelekwe wapi?

Wapo wanaojibu kwamba wauawe, mambo yaishe. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana inatoka kwa wazazi wanaoogopa, na wana haki ya kuogopa: dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na duniani takriban wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Lakini mambo hayaishi. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilivamiwa na ugonjwa huu mwaka 1997. Wakaua mbwa kwa malaki, na ugonjwa ukabaki. Sababu inaeleweka. Mwenye mbwa akisikia kuna kuua, humficha wake au humhamishia kijiji kingine, na ugonjwa husafiri naye. Mbwa aliyechanjwa huuawa pamoja na asiyechanjwa, na kinga ya mji hupungua siku hiyohiyo. Pengo linalobaki hujazwa na vitoto vipya ambavyo havijaona sindano. Shirika la Afya Duniani linasema njia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na mfano tunao hapahapa Tanzania. Kisiwa cha Pemba kiliumaliza ugonjwa kwa kuchanja, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena na kuumaliza tena. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sembuse sisi ambao kati yetu na Nakonde ya Zambia ni hatua chache tu? Dereva anagongewa muhuri kwenye Kituo cha Pamoja cha Forodha. Mbwa hagongewi muhuri.

Lakini chanjo haiwezi kushikilia asilimia 70 mahali ambapo mbwa wanatupwa kila wiki, na hiyo ndiyo hoja yetu yote. Panahitajika mahali pa kuwapokea. Hatuombi jumba. Tunazungumzia banda lenye uzio, maji, kivuli na ofisa mifugo wa kupita, ambapo mbwa asiyetakiwa anapokelewa bila mwenyewe kutukanwa wala kutozwa faini, anachunguzwa, anapewa chanjo na dawa ya minyoo, anahasiwa, kisha anakabidhiwa kwa anayemhitaji. Na wanaohitaji wapo: wafugaji wa Momba, wenye mashamba ya kahawa Mbozi, wenye maduka na maghala hapa mjini, ambao leo wanaokota kitoto popote bila kujua mama yake alikuwa na nini. Atakayepewa asaini kwamba atamlisha, atamfunga mchana na atamrudisha kwa chanjo kila mwaka. Akishindwa, amrejeshe bandani badala ya kumtupa barabarani. Si jambo geni Afrika Mashariki. Usa River, Arusha, kuna kituo cha Mbwa wa Africa kinachofanya kazi hii, na Nairobi wamekuwa na chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama tangu 1910. Sheria yetu wenyewe ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili na inamdai mwenye mnyama amtunze. Ila inamdai mtu ambaye akishindwa kabisa hana pa kupiga hodi.

Utasikia pia kwamba binadamu bado hawajatoshelezwa, fedha za mbwa zitatoka wapi? Swali ni halali. Jibu ni kwamba gharama hii tunailipa tayari, na anayeilipa ni maskini: mzazi anayekimbia na mtoto aliyeng'atwa, dozi baada ya dozi, nauli baada ya nauli, kwa sindano ambazo bei yake inazidi mbali sana ile ya sindano ya mbwa. Na kuhusu fedha, tumesema hapa na tutaendelea kusema: Tunduma inakusanya. Mpaka huu unakusanya mchana na usiku, maegesho yanakusanya, masoko yanakusanya. Ng'ombe mnadani ana zizi. Lori lenye kosa lina yadi ya kuzuiliwa. Mzigo uliokamatwa una ghala. Mji unaokusanya hivi haukosi mabati ishirini na nguzo za banda la mbwa.

Kwa hiyo, ndugu zetu madiwani, msisubiri Septemba nyingine. Andikeni banda hilo kwenye bajeti ya mapato ya ndani, litajwe kwa jina na kwa mtaa. Wenyeviti wa mitaa, andikisheni mbwa wa kila kaya, na mwenye yadi asiondoke kabla hajaonyesha alikowapeleka mbwa wake. Na wewe unayetusikiliza, mpeleke mbwa wako kwenye chanjo, hata wa shamba, hata mzee. Usitupe kitoto dampo. Mtafutie mtu, ulizia kanisani, ulizia msikitini, ulizia kijiweni. Mtoto aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Na mkutano wa mtaa ukiitishwa, nyoosha mkono uulize banda la mbwa linajengwa lini, na usikae chini mpaka utajiwe tarehe.