Kufuta na Kuhakikisha: Kumbukumbu ya Flashi na Mita ya LUKU



Kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, nyumba nyingi za mji wa Tanga zenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, zilifanya kazi ya uhandisi bila kuambiwa kwamba ni uhandisi. Mtu alinunua umeme, akaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Aliingiza la kwanza, mita ikakubali; la pili, ikakubali; ndipo la tatu likaleta yuniti. Watu walinung'unika, na haki yao. Tarakimu 60 kwenye vibonye vilivyochakaa si mchezo.

Mita hizo hufuata STS, mfumo wa tokeni za umeme uliozaliwa Afrika Kusini. Kila tokeni ya umeme, yaani fungu la tarakimu 20 linaloleta yuniti, hubeba wakati ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, katika biti 24. Biti 24 hazivuki dakika 16,777,215, yaani karibu miaka 32, na hesabu ilikuwa inajaa tarehe hiyo ya 24 Novemba 2024. Mita nayo hutunza orodha ya tokeni zilizokwishatumika, ili mjanja asiingize moja mara mbili. Hesabu ikianza upya, tokeni mpya zingeonekana za zamani na kukataliwa; basi ilibidi ufunguo wa siri ubadilishwe na orodha ile ifutwe. Ufunguo haukuenea katika tokeni moja, ukagawanywa nusu kwa nusu, biti 32 kila upande: ndiyo mafungu mawili ya kwanza. Nusu ya kwanza peke yake haikubadili chochote: mita ilingoja ya pili.

Kungoja huko ndiko ninakotaka kukuzungumzia. Orodha ya mita yaweza kukaa ndani ya maikrokontrola au katika chipu ya pembeni, kutegemea mtengenezaji. Mimi nitabaki na flashi, kumbukumbu iliyo ndani ya maikrokontrola. Flashi iliyofutwa husomeka 1 kila mahali. Kuandika ni kugeuza 1 kuwa 0, na hakuna njia ya kurudisha biti moja peke yake. Ni kama ubao wa chuoni: ukitaka kusahihisha herufi, unaosha ubao mzima. Katika STM32F103 zenye flashi ndogo au ya wastani, chipu zinazopatikana kwa bei nafuu, ubao huo ni ukurasa wa baiti 1,024. Mlango wa kuufuta hufunguliwa kwa kuandika namba mbili zinazofuatana. Ukikosea, unabaki umefungwa mpaka chipu iwashwe upya. Kufuta huchukua milisekunde 20 hadi 40, na mtengenezaji anadhamini mara 10,000 tu.

Muda wote huo biti ya BSY katika rejista ya hali husema: nina kazi. Programu isubiri. BSY ikishuka, itazame biti za makosa, kwani ukurasa uliolindwa hukataa kufutwa bila kelele. Kisha isome ukurasa wenyewe, neno kwa neno.

Je, umeme ukikatika katikati? Hapo pana hila. Seli zilizofutwa nusu zaweza kusomeka 1 leo, kesho joto likibadilika zikasomeka 0. Kwa hiyo mwandishi makini wa programu huweka alama ya "nimemaliza" mahali pengine, na akiikosa baada ya kuwasha, anafuta upya.

Vijana mnaojifunza roboti hapa Tanga mnafundishwa upesi kuandika na kuwasha taa. Mimi naona tumepanga somo kinyume. Mwanafunzi aanze kwa kuchomoa waya katikati ya kufuta, kisha aeleze chipu ina nini. Asiyeweza kueleza bado hajajua kuandika.

Na kazi ipo. Tarehe ya mwanzo wa hesabu kwa mita zilizoboreshwa ni 1 Januari 2014. Biti bado ni 24, kwa hiyo hesabu itajaa tena mwaka 2045, na watakaoandaa tokeni za kufuta safari hiyo wako shuleni sasa.