Ruzuku Hufuata Daftari: Mbolea ya Serikali na Mkulima wa Rungwe



Tuingie kwanza katika duka la pembejeo hapa Tukuyu. Mama anafika asubuhi, kanga imelowa mvua, anataka kilo tano za mbolea ya viazi. Muuzaji anamwuliza namba ya mkulima ya kupatia ruzuku. Anayo, ila ilitumwa kwenye simu ya mwanawe, na mwanawe yuko Mbeya mjini. Hata angekuwa nayo mkononi, bei ya ruzuku iko kwenye mfuko mzima uliofungwa, haiko kwenye mbolea ya kupima. Anafunga kilo zake tano kwa bei ya kawaida, anaondoka. Hakuna aliyemdhulumu, mpango wenyewe haukumwona.

Mpango ninaousema, wa mbolea ya ruzuku, ulizinduliwa Mbeya, kwenye Nane Nane ya 2022, vita vya Ukraine vilipokuwa vimepandisha bei. Mfuko wa DAP wa kilo 50 uliovuka shilingi 130,000 ukashushwa hadi 70,000. Mkulima haoni fedha ya Serikali: analipa pungufu, na tofauti hulipwa kwa kampuni baada ya mauzo kuthibitishwa. Ni afadhali kuliko vocha zilizoanza kusambaa msimu wa 2008/09. Zile zilikuwa za mahindi na mpunga, ekari moja, nusu ya bei akichangia mkulima. Wasio na hiyo nusu walisaini vocha wakamwachia wakala kwa pesa ya chumvi. Na sisi wa migomba, chai na viazi tulihesabiwa kwa mahindi yetu ya kando ya nyumba.

Linganisheni na wenzetu wa Chunya, wanaolima tumbaku. Mkulima wa kule huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia AMCOS, chama chake cha msingi cha ushirika. Zao lake hupimwa, hupangwa madaraja, huandikwa. Serikali ikitaka kumfikishia ruzuku, inamkuta kwenye daftari. Chai yetu nayo ina mizani: jani bichi hupimwa kituoni na deni la mbolea hukatwa humo humo. Lakini viazi vya Isongole huondoka kwa lumbesa, barabarani, mkono kwa mkono. Ndizi za Kiwira vivyo hivyo. Hakuna daftari, na ruzuku hufuata daftari.

Kuna jambo la mvua pia, ambalo watunga mipango hulisahau. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukimwaga urea yote kwa mkupuo, nyingi itaishia mtoni. Anayenunua kilo tano leo na tano baada ya palizi si maskini tu; anajua shamba lake. Mfuko mkubwa unamlazimisha alime kinyume cha akili yake, au auze nusu kwa jirani.

Ninaomba semina hii ya wakulima na maofisa ugani ipeleke mambo mawili halmashauri. Kila mtendaji wa kijiji ahakiki namba za wakulima mwezi Agosti, mkulima akiwepo mwenyewe, na aandikiwe namba hiyo kwenye karatasi. Na wasambazaji watakiwe kuleta mifuko midogo yenye bei ya ruzuku kabla ya mvua za Oktoba, kwa sababu mbolea inayofika Desemba hukuta viazi vimeshaota.