Haki ya Lugha ya Nyumbani kwa Mtoto wa Mhamiaji



Tunapozungumzia haki za wakimbizi, kwa kawaida twataja makazi, chakula na hati. Leo napenda tutafakari haki ya lugha, kwa mfano wa familia za Wapashto.

Asili ya Wapashto ni Afghanistan na kaskazini-magharibi ya Pakistan. Majeshi ya Kisovieti yalipoingia Afghanistan mwezi Desemba 1979, mamilioni ya wananchi walikimbilia Pakistan na Iran. Baadaye wengine walifika Ujerumani, Uingereza na Marekani. Wengine tena waliondoka baada ya Taliban kurudi madarakani Agosti 2021.

Kwa Wapashto, jina la lugha yao ni jina la mwenendo pia: kumkirimu mgeni, kumlinda aombaye hifadhi, kutunza heshima. Wenyewe husema kwamba Kipashto husemwa na tena hutendwa. Ndiyo maana mzazi aliyeko Hamburg, mwanawe akimjibu kwa Kijerumani, huona kwamba anampoteza mtoto mwenyewe.

Hofu hiyo ina msingi. Mtoto asomaye kwa lugha ya ugenini huwa upesi mkalimani wa wazazi wake hospitalini na maofisini, na mkubwa humtegemea mdogo. Bibi naye huketi kimya kati ya wajukuu wasiomwelewa.

Hata hivyo, urithi huu hauhitaji gharama kubwa. Mashairi yaitwayo landay, yenye mistari miwili na silabi 22, yamepokezanwa kwa mdomo, hasa na wanawake, wengi wao wasiojua kusoma. Mama ayaimbaye nyumbani ni mwalimu kamili.

Wahenga wetu walisema: Mwacha mila ni mtumwa. Lakini wazazi nao wajihadhari. Binti asikiaye lugha ya nyumbani katika makatazo na makaripio tu, ataikimbia. Aisikie pia katika hadithi, utani na sifa.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 30, wakataza mtoto wa jamii ndogo kunyimwa haki ya kutumia lugha yake pamoja na wenzake. Basi mwalimu asimwaibishe mtoto kwa lugha ya mama yake, na ofisi za umma ziweke wakalimani watu wazima. Jamii yenye haki humfundisha mgeni lugha yake bila kumdai aitupe ile aliyokuja nayo.