Mazoezi Mbele ya Watu: Kumbi za Mitaa, Sanaa na Harakati



Mada niliyopewa ni pana: sanaa ya jamii na mikutano ya kiharakati katika kumbi za mitaa. Naomba ruhusa kuipunguza. Nitazungumzia mazoezi. Dai langu ni kwamba ukumbi wa mtaa hufanya kazi yake kubwa siku za mazoezi, milango ikiwa wazi, kuliko siku ya onyesho lenyewe, na kwamba watawala wamelitambua jambo hili mapema kuliko sisi wenye vikundi. Sisi bado bajeti zetu zinaanza na kuishia kwenye onyesho: mabango, spika za kukodi, hema, mgeni wa heshima na maji yake ya chupa. Mazoezi tunayaacha yajitafutie pa kulala, mara chini ya mwembe, mara sebuleni kwa mtu, mara nyuma ya kanisa baada ya kwaya kuondoka.

Kumbi zilizojengwa kwa chai na dansi

Kaloleni, Nairobi, ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, ukumbi wake ukawekwa katikati. Wakoloni walikuwa na hesabu yao. Mfanyakazi akipata mahali pa kucheza dansi, kunywa chai na kusikiliza mawaidha ya usafi, hatakuwa na nafasi ya siasa. Hesabu hiyo iliwaharibikia. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huohuo, Kenya African Union na East African Indian National Congress walifanya mkutano wa pamoja, na hapo Makhan Singh, mpiganiaji wa vyama vya wafanyakazi, akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiwa hadi 1961.

Dar es Salaam nako kuna kisa cha namna hiyo. Ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, ulipewa jina la Mgiriki aliyetoa fedha za kuujenga, nao ulikusudiwa ustawi wa jamii. Ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa, tarehe 17 Aprili 1953, kuwa rais wa TAA, chama ambacho mwaka uliofuata kiligeuka TANU.

Visa hivi tunavipenda kwa sababu ya siku zake kubwa, na vibao vya ukumbusho huandikwa tarehe hizo. Mimi nasitasita hapo. Watu hawaamki asubuhi moja wakaenda kudai uhuru ndani ya jengo wasilolizoea. Waliokuwa Kaloleni siku ile walikuwa tayari wanaujua mlango wake, madawati yake na mlinzi wake, kwa sababu ya mambo madogo ya kila wiki ambayo hakuna aliyeyaandika. Ukumbi unaofunguliwa kwa ajili ya mikutano mikubwa peke yake haujengi mazoea hayo.

Kamĩrĩthũ, kwa kirefu

Mfano ninaotaka tukae nao ni wa Limuru. Kamĩrĩthũ kilikuwa kijiji kilichozaliwa na hali ya hatari ya miaka ya 1950, watu walipoondolewa mashambani mwao na kurundikwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa kituo cha vijana, na juu yake jengo bovu la udongo lenye vyumba vinne. Wanakijiji waliamua kukifufua. Walianza na kisomo cha watu wazima mwaka 1976, chini ya Ngũgĩ wa Mirii, na waliohitimu wakataka kitu cha kuendelea nacho. Ngũgĩ wa Mirii na Ngũgĩ wa Thiong'o wakaandika muswada wa tamthilia kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na Kimani Gecau akaiongoza.

Mnajua mwisho wa kisa hiki, kwa hiyo nitakawia kwenye katikati yake. Kuanzia Juni 1977 mazoezi yalifanyika hadharani, jioni na mwisho wa wiki, kwa sababu waigizaji walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wa mashamba ya chai, wakulima wadogo, na watu wasio na kazi. Yeyote aliyepita aliruhusiwa kusimama na kutazama. Aliyeruhusiwa kutazama aliruhusiwa pia kukosoa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi wazee walivyokataa maneno waliyopewa wahusika wa umri wao, wakisema mzee hazungumzi hivyo mbele ya vijana. Mama mmoja asiyejua kusoma alifundisha neno kwa neno sehemu ya majibizano ya nyimbo za harusi. Mfanyakazi wa kiwanda cha viatu alieleza hatua kwa hatua jinsi kazi inavyokwenda kule ndani na faida inavyotoka. Maelezo hayo waandishi hao wawili wasingeyapata kwenye maktaba yoyote ya chuo.

Jukwaa nalo wanakijiji walijijengea. Vijana walitengeneza kwanza mfano mdogo wa njiti za kiberiti, kisha wakajenga lenyewe, la wazi, lenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Hakuna aliyelipwa. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977, mwezi uleule ambao miaka 25 nyuma ilitangazwa hali ya hatari. Kufikia siku hiyo watu wengi wa kijiji walikuwa wameshika karibu maneno yote kwa moyo, maana walikuwa wamekaa nayo miezi minne.

Tarehe 16 Novemba 1977 leseni ya onyesho ilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka mzima bila kesi. Lakini leseni iliyofutwa ilikuwa ya onyesho, na kazi ilikuwa imeshafanyika. Serikali ililijua hilo. Ukitaka ushahidi, tazama ilichokifanya mara ya pili.

Mwaka 1982 kundi lilirudi na mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, ukiwa umepangiwa Kenya National Theatre, jengo la tangu 1952. Leseni haikutoka. Siku walipokwenda kuingia, milango ilikuwa imefungwa na askari wamesimama. Wakaendelea na mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mazoezi hayahitaji leseni. Watu wakaja. Walikuja kwa mabasi kutoka vijijini, wakajaa kwenye viti, kwenye ngazi, wengine wakibaki nje wakisikiliza. Katika siku chache zile zaidi ya watu 10,000 waliona mchezo ambao kisheria haukuwahi kuonyeshwa. Ndipo amri ikatoka kwamba hata mazoezi yakome. Tarehe 11 Machi 1982 kituo cha Kamĩrĩthũ kilifutiwa usajili, na siku iliyofuata polisi walifika kwa malori matatu wakalibomoa jukwaa.

Ukibomoa jukwaa la wazi, hubomoi onyesho. Maonyesho yalikuwa yamekwishazuiwa zaidi ya miaka minne kabla. Kilichokuwa kimebaki pale ni nafasi ya watu kukutana na kurekebishana, na hiyo ndiyo malori matatu yaliyoifuata.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi Nairobi, kwenye jukwaa la Kenya National Theatre, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Nilifurahi kama wengine. Hata hivyo tusijidanganye kuwa Kamĩrĩthũ imerudi. Lililorudi ni andiko, na waliolitazama ni wakata tiketi. Sina ugomvi na tiketi, wasanii wanakula. Ila mtazamaji aliyekaa kwenye kiti chenye namba hakupata nafasi ya kumwambia mwigizaji, Mzee wa rika hilo hasemi hivyo.

Malya na Mabibo

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, wakitumia ngoma na maigizo ya wenyeji kuchokoa matatizo ya kijiji, mimba za wanafunzi zikiwa mojawapo. Utafiti, mjadala, utunzi na onyesho vilifanywa na wanakijiji wenyewe. Nguvu ya njia hii ni ileile ya Limuru. Udhaifu wake ni kwamba mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mtaalamu akipanda basi kurudi mjini, ufunguo wa shughuli huweza kuondoka naye.

Ndiyo maana navutiwa na TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo, Dar es Salaam, na semina zao za Jinsia na Maendeleo za kila Jumatano. Ni Jumatano, si siku ya tamasha. Watu wanazungumza Kiswahili, wanachambua bajeti ya serikali, maji, hospitali, mwendo wa polisi. Mama lishe huketi na mhadhiri. Mtu akikosa wiki moja anajua wiki ijayo mlango utakuwa wazi saa ileile. Vikundi vyetu vingi vya sanaa havijawahi kuwa na Jumatano ya aina hiyo, na nadhani tumeponzwa kidogo na posho. Warsha ya siku moja yenye nauli na chakula cha mchana imetufundisha kwamba watu wakikutana lazima pawe na bahasha. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi yetu tuliomo humu tumesaini fomu ya nauli mlangoni, nami nimo.

Nakuru, Aprili 2025

Kuna wanaodhani mambo ya 1982 yamepita. Mwaka 2025, katika tamasha la taifa la drama la shule lililofanyika Nakuru, Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo ulioandikwa na aliyekuwa seneta, Cleophas Malala, uitwao Echoes of War. Ulikuwa umeondolewa kwenye mashindano, na mahakama ikaamuru urudishwe. Usiku wa kuamkia onyesho Malala alizuiwa na polisi kukutana na wanafunzi kwa mazoezi ya mwisho, akakamatwa. Asubuhi wasichana walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje polisi walirusha vitoa machozi.

Lililonigusa zaidi ni saa iliyochaguliwa. Amri ya mahakama ilikuwa imelinda onyesho. Haikuyalinda mazoezi, na hapo ndipo mkono ulipopitia.

Sheria na ufunguo

Sheria ya Kenya ya utulivu wa umma inamtaka mwenye mkutano wa hadhara kuwaarifu polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Sheria hiyohiyo haihesabu kuwa mkutano wa hadhara ule ulioitishwa kwa shughuli za kijamii, kitamaduni au burudani peke yake. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inatupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kwa maandishi, basi, mazoezi ya kikundi cha maigizo yanasimama pazuri. Tatizo huanza pale mchezo unapomtaja diwani. Hapo msimamizi wa ukumbi huanza kuuliza kama hiyo bado ni burudani, na kwa kuwa hana wakili wa kumpigia simu saa kumi na moja jioni, huchagua njia salama: anasema ukumbi umeshakodiwa. Simlaumu. Ana watoto na ana mkubwa wake.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wanaharakati: kabla ya kumtumia barua gavana, kaeni na msimamizi wa ukumbi wenu. Mpeni nakala ya kifungu cha sheria katika Kiswahili, ukurasa mmoja, abandike ofisini kwake. Afisa wa polisi akija atakuwa na kitu cha kumwonyesha, na hatakuwa amejitia kimbelembele.

Kumbi za mitaa nchini Kenya sasa ni za kaunti, kwa sababu Katiba iliweka shughuli za kitamaduni na huduma za burudani mikononi mwao. Viwango vya kukodi vimeandikwa kwa kuwaza harusi na mikutano: kwa siku, viti vikijaa. Kikundi cha vijana kinachotaka saa mbili, mara tatu kwa wiki, hakina mahali kwenye karatasi ile, hivyo kinabaki nje au kinapitia dirishani kwa maelewano na mlinzi. Naomba maafisa walioko hapa waweke kiwango cha mazoezi, cha saa, chenye sharti moja: mlango usifungwe, na mwenye kutaka kutazama aingie. Sharti hilo litawasumbua baadhi ya waongozaji, ambao hawapendi kuonekana kazi ikiwa mbichi. Wavumilie.

Linabaki suala la mlinzi, ambalo sijapata jibu lake na ningependa tuanzie hapo kwenye maswali. Mazoezi huisha usiku, saa ambayo kazi ya msimamizi imekwisha na mlinzi yuko peke yake na ufunguo. Leo analipwa ziada kwa siri na kikundi, na kwa hiyo kikundi chenye fedha ndicho chenye ukumbi. Je, saa zake za ziada zilipwe na kaunti, au kamati ya mtaa ishike ufunguo wa pili na kuwajibika kwa kila kiti kitakachopotea?