Ronald Ngala na Kiti cha Pwani

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Kinondo mbele ya vikundi vya akina mama, vijana na wavuvi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

  

Nimeombwa nizungumze juu ya uongozi na maendeleo. Lakini nilipokuwa naingia, kijana mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli Marekani kuna mtu aliyekaa Seneti miaka hamsini?" Nikamwambia ni kweli. Aliitwa Robert Byrd, wa West Virginia, jimbo la milima na migodi ya makaa ya mawe, lenye watu maskini wengi. Aliingia Seneti mwaka 1959 akafariki mwaka 2010 akiwa bado seneta. Kule kila jimbo, kubwa au dogo, lina maseneta wawili, na kila mmoja huchaguliwa kwa miaka sita. Byrd alichaguliwa mara tisa. Aliijua kazi ya fedha za serikali, akapeleka kwao barabara nyingi. Lakini ni yeye huyo ambaye ujanani alikuwa katika kundi la Ku Klux Klan, na mwaka 1964 alisimama akazungumza zaidi ya saa 14 kuipinga sheria ya haki za watu weusi. Baadaye alikiri kwamba alikosea. Mtu akikaa sana kitini, watu humwona mazuri yake na mabaya yake.

Basi yule kijana akacheka, akasema, "Na sisi Pwani tuna nani?"

Swali hilo nimelifanya kuwa mazungumzo yangu ya leo. Nitamtaja Ronald Ngala. Yeye hakukaa miaka 51. Alikuwa mjumbe kuanzia 1957 mpaka alipofariki 1972, miaka 15 tu, na wala hakupata kuwa seneta. Lakini yeye ni mmoja wa watu walioitaka Kenya iwe na Seneti, na jambo lililompata lina funzo kwetu sisi tulioketi hapa.

MWALIMU ALIYEINGIA SIASA

Ngala alikuwa Mgiriama, amezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Kilifi. Alisoma Alliance, kisha Makerere, akawa mwalimu. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Mnaona? Kabla hajasimama jukwaani kuomba kura, aliketi chini akaandika habari za watu wake, ili watoto wasome.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu aliruhusiwa. Walitazama elimu yako, mali yako, na utumishi wako, na wengine walipewa hata kura tatu mtu mmoja. Walichaguliwa wajumbe wanane kwa nchi nzima. Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi na Masinde Muliro walikuwa miongoni mwao. Wa Pwani alikuwa Ngala. Mwaka 1960, Waafrika walipokwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kudai katiba mpya, kiongozi wa ujumbe wao alikuwa huyu mwalimu wa Pwani.

KWA NINI MAJIMBO NA SENETI

Mwaka huo huo wa 1960 vikaundwa vyama viwili vikubwa, KANU na KADU. Ngala akawa rais wa KADU. Chama hiki kilikuwa cha watu wa makabila madogo waliokuwa na hofu. Walijiuliza: Mwingereza akiondoka, mamlaka yote yakabaki Nairobi mikononi mwa wale wenye watu wengi, sisi wachache ardhi yetu itakuwa ya nani? Shule zetu zitajengwa na nani?

Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. KADU ikakubali kuiunda, na Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Wapo waliomlaumu sana kwa hilo, na walimlaumu pia kwa kusaidiwa na baadhi ya masetla wa Kizungu. Lawama hizo si za bure, na sitazificha.

Na sisi wa hapa tulikuwa na jambo letu zaidi. Hapa tulipoketi ni ndani ya ule ukanda wa maili kumi uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus hadi 1963. Wapo waliotaka Mwambao uwe peke yake. Ngala alipinga. Alisema Pwani ibaki ndani ya Kenya, lakini Kenya yenyewe igawanye mamlaka. Hilo ndilo lililoitwa majimbo.

Katika mkutano wa pili wa Lancaster House, mwaka 1962, walikubaliana. Nchi ikawa na majimbo saba, mbali na Nairobi, na kila jimbo na baraza lake. Bunge likawa na nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Seneti ilikuwa na watu 41, mmoja kwa kila wilaya, iwe na watu wengi au wachache, na mmoja wa Nairobi. Kwale ikawa na seneta wake kama Kiambu ilivyokuwa na wake. Na ili mtu asije akaamka siku moja akayafuta majimbo, ikaandikwa kwamba vifungu vile vizito havitabadilishwa ila kwa robo tatu ya Wawakilishi na tisa katika kila kumi ya maseneta.

Hiyo ilikuwa kufuli nzito. Lakini ilifunguliwa katika muda wa miaka michache tu.

MWAKA 1964

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Serikali ya Nairobi haikuyapenda majimbo. Mabaraza ya majimbo yaliachwa bila fedha za kutosha na bila kazi ya maana. Wajumbe wa KADU wakaanza kuhama, mmoja leo, wawili kesho. Kenyatta akasema asipopata kura za kutosha bungeni, ataitisha kura ya maoni ya wananchi. Mwezi wa Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na yeye na wenzake wanajiunga na KANU.

Majimbo yakaisha. Mwishoni mwa 1966 Seneti nayo ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na maseneta wakapewa viti katika bunge moja. Ngala aliingia baraza la mawaziri mwaka huo wa 1966. Mwezi wa Desemba 1972 alipata ajali ya gari katika barabara ya Mombasa na Nairobi, akafariki tarehe 25, siku ya Krismasi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Baba alikuwa na redio ya betri, na siku ile watu walijaa uani kwetu kusikiliza Sauti ya Kenya. Chakula cha sikukuu kilipoa, hakuna aliyekigusa.

Watu huniuliza: Ngala alitusaliti, au aliiokoa nchi isipigane? Mimi najibu hivi. Alikuwa amebaki na watu wachache, hana fedha, na hakutaka damu imwagike. Huenda nami ningefanya kama yeye. Lakini nimewauliza wazee wengi wa huku kwetu: majimbo yalipofutwa, mliitwa? Mliulizwa? Wengi husema, "Tulisikia redioni." Wala hakuna aliyeuliza lile baraza la jimbo limekwenda wapi, kwa sababu wengi hawakuwahi kujua lilikuwa likiwafanyia kazi gani.

Hapo ndipo naona kosa lilipokuwa. Kufuli iliwekwa London na viongozi, na ikafunguliwa Nairobi na viongozi. Mwananchi wa Kinondo hakuwa na ufunguo wala hakujua mlango uko wapi.

NENO LILILOCHAFULIWA

Lazima niseme na hili, ingawa linauma. Katika miaka ya 1990 neno majimbo lilirudi, lakini lilirudi na mapanga. Mwezi wa Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na vurugu zikashuka mpaka huku kusini. Watu waliuawa. Maelfu ya jirani zetu wa bara walikimbia, wengine wakalala katika uwanja wa kanisa pale Likoni. Na vijana wetu wa Kidigo wengi walikamatwa na kuteswa, wenye makosa na wasio na makosa. Hoteli zikakosa wageni, na kina mama waliokuwa wakiuza leso ufukweni wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Hata wakati wa Ngala wapo waliolitumia neno hili kumtisha mgeni. Lakini kugawanya mamlaka si kumfukuza jirani. Ukimfukuza jirani, kisima bado hakijachimbwa, na sasa mko wachache wa kukichimba.

SISI LEO

Katiba ya Agosti 2010 iliturudishia kitu kinachofanana na kile cha 1963. Kaunti 47, kila moja na serikali yake. Seneti ikarudi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na Kwale ina seneta wake tena. Safari hii fedha zimeandikwa ndani ya katiba yenyewe: kaunti zote kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Seneti ndiyo inayoamua kila kaunti ipate fungu gani, na inaweza kumwita gavana aeleze fedha zimekwenda wapi.

Lakini nawauliza, ni nani kati yetu anayejua tarehe za bajeti? Nitazitaja, andikeni. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha ni 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai.

Kikundi kimoja ninachokijua kiliandika barua ya kuomba kisima. Barua ilikuwa nzuri, na sahihi za watu wengi. Waliipeleka mwezi wa Juni. Mwezi wa Juni fedha zimekwisha kupangiwa kazi! Wakaambiwa wangoje. Wakakasirika, wakasema kaunti inawadharau. Lakini hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mlango hufunguliwa Agosti. Mwaka uliofuata walifika mapema, kina mama wakiwa mbele, na kisima kikaandikwa katika mpango. Bado hakijachimbwa, na bado wanauliza. Sasa wanajua la kuuliza na wa kumwuliza.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Majimbo ya 1963 yaliisha bila habari. Haya ya leo tuyawekee daftari. Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kwenda kwenye mikutano ya wadi, aandike kilichoahidiwa na kiasi cha fedha, arudi awasomee wenzake. Mwakilishi wa wadi akija, asikute makofi tu, akute daftari limefunguliwa.

Kijana wangu wa mlangoni, hilo ndilo jibu langu. Tulikuwa na Ngala. Alikuwa mtu mkubwa, na alikuwa peke yake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kama ungekuwa Ngala mwaka 1964, ungefanya nini? Toa sababu.

2. Taja mradi mmoja wa kaunti ulioahidiwa katika kijiji chenu. Uliandikwa wapi, na kwa shilingi ngapi?

3. Ni nani katika kikundi chenu atakayehudhuria mkutano ujao wa wadi, na atawaletea habari siku gani?