Mfyulisi na Mfuko wa Mbolea



Atokaye Mombo kupanda milima ya Usambara hadi Lushoto hupita Soni, na akipita wakati wa matunda hukimbiliwa na wachuuzi wenye ndoo za peasi, plamu na mafyulisi, ambayo sokoni siku hizi huitwa mapichi. Na aghalabu abiria huuliza bei tu, asiulize kwa nini fyulisi la ndoo hii ni jekundu na tamu, na la ndoo ile limefifia rangi na ladha ni chapwa, ilhali mashamba yamepakana.

Sababu moja kubwa, kwa rai yangu, ni mfuko wa mbolea. Mfyulisi hauzai ila juu ya vitawi vilivyochipua mwaka uliotangulia, kwa hiyo kila mwaka hauna budi kuotesha vipya, na kazi hiyo yahitaji naitrojeni. Mkulima akishasikia hayo hudhani kuzidisha ni kheri. Nami nalidhani hivyo: mti wangu mmoja niliutilia yuria misimu mitatu mfululizo, pasi na kumuuliza mjuzi yeyote, nao ukanilipa majani mazito yaliyokoza hata jua lisipenye ndani, matunda yakachelewa kuiva, vitawi vya chini vikafa kwa kukosa nuru, na mazao yakahamia kileleni, ambako hawakufika ila ndege.

Udongo nao una hesabu zake. Ardhi nyingi ya Usambara ni nyekundu, imeoshwa na mvua karne baada ya karne, ikabakiwa na uchachu. Na katika udongo mchachu fosforasi huwamo lakini imefungwa, mizizi haiipati, na alumini huyeyuka ikaidhuru mizizi yenyewe. Mfyulisi hupendelea pH ya 6 hadi 6.5. Basi mwenye kumwaga salfeti ya amonia kila mwaka katika udongo wa namna hiyo huulisha mti kwa mkono wa kulia, na wa kushoto huizidishia ardhi uchachu. Dawa yake ni chokaa, nayo ikinyunyizwa juu hukawia mno kuteremka, ndiyo maana yafaa ichanganywe na udongo kabla mche haujapandwa.

Njaa ya naitrojeni ina kipimo cha bure. Msimu ukiisha, chukua utepe, pima vitawi vya mwaka huo katika mti mzima uzaao: vikiwa na sentimita 45 hivi, mti umeshiba, vikiwa chini ya 30, una njaa, vikizidi 60, zuia mkono wako, isipokuwa kama uliupogoa sana, maana upogoaji mkali nao huvirefusha.

Uchachu hauonekani kwa jicho. Kituo cha utafiti wa udongo kipo Mlingano, wilayani Muheza, katika mkoa huohuo wa Tanga. Pelekeni udongo wenu ukapimwe kabla hamjanunua mfuko mwingine.